Asilimia 60 ya nini? Tuisome upya makala ya jeni ya mpunga na njaa ya fosforasi

Mwaka jana shangazi yangu, anayelima mpunga kule Ifakara, alinipigia simu akiwa na swali moja. "Mwanangu, si wewe unayesomea mimea? Hiyo mbegu isiyotaka mbolea ya kupandia imeshafika?" Kwenye kundi lao la WhatsApp kulikuwa na ujumbe unazunguka: wanasayansi wamegundua jeni ya mpunga inayoongeza mavuno kwa asilimia 60 kwenye udongo uliochoka. Nikaitambua jeni yenyewe papo hapo. Wiki chache nyuma nilikuwa nimeiwasilisha kwenye semina, nikiwa na slaidi nzuri na namba hiyo hiyo ya 60 kwa maandishi makubwa. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Ipo, shangazi. Haijafika huku, lakini ipo. Vumilia."

Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Sikumdanganya, ila nilimpa namba bila kumwambia ni namba ya nini. Na nikikumbuka vizuri, hata kwenye semina hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo leo nataka turudi, mimi na wewe msomaji, kwenye makala ilikotoka namba hiyo. Tuisome taratibu, tuone yenyewe inasema nini na sisi tumeisemesha nini.

Makala ilitoka katika jarida la Nature mwezi Agosti 2012. Mwandishi wa kwanza ni Rico Gamuyao na wa mwisho ni Sigrid Heuer. Kazi kubwa ilifanyika IRRI, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoko Ufilipino, kwa kushirikiana na Matthias Wissuwa wa taasisi ya JIRCAS ya Japani. Msimamo wangu nautaja mapema ili usihangaike kuutafuta: ni makala nzuri, mojawapo ya zilizonifanya niipende fani hii. Tatizo kubwa ni namna tulivyoisoma, na sehemu ndogo ya tatizo hilo imo ndani ya makala yenyewe.

Kwanza, njaa yenyewe

Mpunga ukikosa naitrojeni unakuambia. Majani yanageuka njano na hata mpita njia anaona. Ukikosa fosforasi, unanyamaza. Majani yanabaki kijani, tena kijani kilichokolea kuliko kawaida, kiasi kwamba mtu anaweza kupita akalisifu shamba. Lakini ukichuchumaa ukahesabu, utakuta mmea umedumaa, machipukizi ni machache, na siku za kuchanua zinasogea mbele.

Mmea unaihitaji fosforasi kwenye DNA, kwenye ATP ambayo ndiyo sarafu ya nishati ndani ya seli, na kwenye mafuta yanayojenga utando wa kila seli. Ajabu ni kwamba mara nyingi udongo hauna uhaba wa fosforasi ukiipima yote kwa jumla. Tabaka la juu la hekta moja linaweza kuwa na mamia ya kilo. Lakini kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, ule uliopigwa na mvua kwa maelfu ya miaka, fosforasi hiyo imeng'ang'aniwa na chuma na alumini. Inayobaki huru kwenye maji ya udongo ni kidogo mno, na hiyo kidogo nayo haitembei. Naitrati husafiri na maji mpaka ikaufikia mzizi. Fosforasi husogea milimita chache tu, basi. Mzizi usipoifuata ilipo, haiji.

Sasa mpunga hufanyaje? Hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na ni vizuri tuyagawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kubana matumizi. Mmea huondoa fosforasi kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga. Hubomoa baadhi ya mafuta ya utando yenye fosforasi na kuweka mahali pake mafuta yanayotumia sukari au salfa. Ni kama nyumba ambayo mwenye nyumba anang'oa bati la stoo ili kuziba paa la chumba cha watoto.

Fungu la pili ni kutafuta zaidi. Mizizi hurefuka, huotesha vinyweleo, hutoa vijizizi vyembamba vya pembeni. Hutema asidi na vimeng'enya vinavyosaidia kuibandua fosforasi kwenye udongo. Huingia ubia na fangasi wa mizizi, ambao nyuzi zao hufika mahali mzizi hauwezi kufika, na kulipwa kwa chakula kinachotengenezwa na mmea. Mpunga una jeni 13 za familia ya PHT1, ambazo ni milango ya kuingizia fosfati. Msimamizi wa shughuli nyingi kati ya hizi ni protini iitwayo PHR2. Fosforasi ikiwa tele, protini za familia ya SPX humshika mkono msimamizi huyu asifanye kitu. Ikipungua, humwachia, naye huwasha jeni za dharura.

Shika mgawanyo huo wa mafungu mawili, tutauhitaji.

Makala inasema nini

Hadithi inaanzia mbali kidogo. Mwaka 1998 Wissuwa na wenzake walichukua mbegu mbili: Nipponbare, mbegu ya kisasa ya Japani ambayo hunyong'onyea kwenye udongo wenye njaa ya fosforasi, na Kasalath, mbegu ya asili kutoka India ya kundi liitwalo aus, ambayo kwenye udongo huo huo hujikaza. Walizipandanisha, wakawapima wajukuu, na wakaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti inafuata kipande kimoja cha kromosomu ya 12. Kipande hicho wakakiita Pup1.

Baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 10 kabla jeni yenyewe haijapatikana. Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu ramani kamili ya jenomu ya mpunga iliyochapishwa mwaka 2005, ile ambayo kila mmoja wetu huifungua kwenye kompyuta akitafuta jeni, ilitoka kwa Nipponbare. Na Nipponbare hana jeni hiyo kabisa. Ni sawa na kumtafuta mtu kwenye daftari la wapiga kura la kijiji ambacho hajawahi kuishi. Ilibidi watafiti wasome upya eneo lile kutoka kwa Kasalath mwenyewe, ndipo wakakuta kipande kirefu cha DNA kisichokuwepo kwenye ramani, na ndani yake jeni wakaiita PSTOL1.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Makala inatuonyesha kwamba kifaa chetu cha kutafutia kilikuwa na shimo, na shimo hilo lilikuwa mahali penye umuhimu kwa wakulima maskini. Waandishi wanasema wazi kwamba hii ni sababu ya kuzitunza na kuzichunguza mbegu za asili. Mimi natoka kwenye nchi yenye Supa, Shingo ya Mwali, Rangi Mbili na Tule na Bwana, kwa hiyo naichukua sentensi hiyo kama ujumbe wa moja kwa moja.

PSTOL1 inafanya nini? Inatengeneza protini ya aina ya kinasi, yaani protini inayobandika fosfati kwenye protini nyingine na hivyo kuziwasha au kuzizima. Inafanya kazi kwenye sehemu ya chini ya shina, pale mizizi mipya inapochipukia. Mmea wenye jeni hii hutoa mizizi mingi mapema zaidi, na mizizi mingi hukusanya fosforasi zaidi pamoja na virutubisho vingine.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. PSTOL1 haiyeyushi fosforasi iliyoshikwa na chuma. Haiongezi milango kwenye mzizi. Haifundishi mmea kubana matumizi. Inaongeza mizizi. Iko kwenye fungu la pili, tena kwenye kona moja tu ya fungu hilo. Jina lenyewe, linalotaja uvumilivu wa njaa ya fosforasi, linatupeleka mbele kidogo kuliko kazi yake. Angeitwa "mkuza mizizi ya mapema", nadhani ujumbe wa WhatsApp wa kina shangazi ungekuwa mfupi zaidi.

Lalamiko la kwanza: 60 ni ya chungu

Namba ya 60 imetoka wapi? Watafiti waliichukua PSTOL1 na kuiingiza ndani ya IR64 na Nipponbare kwa uhandisi jeni, ikiwa imefungwa kwenye swichi yenye nguvu sana iliyotolewa kwenye kirusi cha mimea. Swichi hiyo huiwasha jeni karibu kila mahali ndani ya mmea, wakati wote. Kisha wakaipanda mimea hiyo kwenye vyungu vyenye udongo maskini sana wa fosforasi. Hapo uzito wa nafaka ukapanda kwa zaidi ya asilimia 60 ukilinganisha na mimea isiyo na jeni.

Kama njia ya kuthibitisha kwamba jeni hii ndiyo yenyewe, jaribio hilo ni safi. Ukitaka kujua kama swichi fulani ndiyo inayowasha taa, unaibonyeza kwa nguvu na kutazama. Lakini mbegu ambayo mkulima angepewa haikuwa ile ya vyunguni. Ingekuwa mbegu iliyopatikana kwa kupandanisha na kuchagua kwa alama za DNA, yenye jeni ikiongozwa na swichi yake ya asili. IRRI wenyewe walipotangaza matokeo, walieleza pia kwamba kwenye majaribio ya mashambani Indonesia na Ufilipino mavuno yalizidi kwa takriban asilimia 20.

Asilimia 20 shambani ni kitu kikubwa, mkulima yeyote angeipokea kwa mikono miwili. Lakini angalia kilichotokea: namba mbili zilitoka pamoja, moja ya chungu na moja ya shamba, na iliyosafiri mpaka Ifakara ni ya chungu. Iliyosafiri mpaka kwenye slaidi yangu pia ni ya chungu, na mimi nina shahada.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa namba ya chungu, nayo ni ya kimahesabu. Asilimia hupimwa juu ya kitu. Kwenye udongo ambao mmea usio na jeni unakaribia kufa njaa, ukiongeza punje chache unapata asilimia kubwa. Kadiri udongo unavyokuwa na nafuu, asilimia inashuka, hata kama jeni inafanya kazi ile ile. Kwa hiyo 60 si sifa ya jeni peke yake. Ni sifa ya jeni, na mbegu iliyoipokea, na swichi iliyoiwasha, na udongo uliochaguliwa kwa ukali wake.

Lalamiko la pili: udongo gani, na maji kiasi gani?

Hili nimelijua kwa kuaibika. Kwenye utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilipanda mbegu mbili za mpunga, moja ya mizizi mingi na nyingine ya mizizi haba, kwenye ndoo zenye udongo mwekundu wa mlimani. Nilitarajia mwenye mizizi mingi ashinde waziwazi. Sasa, ndoo zinatakiwa zitobolewe chini ili maji yatoke. Nilitoboa nusu, giza likaniingilia, nikasema nitamalizia kesho. Kesho hiyo sikumalizia, na mvua za masika zikanyesha.

Kwenye ndoo zilizotobolewa, tofauti ya mbegu mbili ilionekana hata kwa macho. Kwenye zile zisizotobolewa, zilizokuwa zimejaa maji wiki nzima, mbegu ya mizizi haba ilikuwa imemkaribia mwenzake, zote zikiwa na afya kuliko nilivyozoea kuziona kwenye udongo ule. Nilikasirika, nikataka kuzitupa. Msimamizi wangu akanizuia. "Hayo ndiyo matokeo yako," akasema. "Kaa uyafikirie."

Maelezo yake ni ya kemia ya kidato cha nne. Maji yakituama, hewa inaisha ndani ya udongo. Vijidudu vya udongo vikikosa oksijeni hutumia chuma mahali pake, na chuma kinabadilika kutoka hali isiyoyeyuka kwenda hali inayoyeyuka. Fosforasi iliyokuwa imeng'ang'aniwa na chuma hicho inaachiwa. Yaani jaruba lililojaa maji hufungua sehemu ya ghala lenyewe, bila jeni ya mtu. Nilikuwa nimeondoa njaa niliyotaka kuipima.

Rudi sasa kwa Pup1. Kipande hicho cha kromosomu kiligunduliwa kwenye udongo mkavu wenye njaa kali ya fosforasi. Ndivyo mpunga wa nchi kavu unavyoishi, na huko mzizi wa mapema ni mali. Kwenye jaruba la bondeni lenye maji, sehemu ya faida hiyo inaweza kuyeyuka kama ilivyoyeyuka kwenye ndoo zangu. Makala ya 2012 haikuficha aina ya udongo wake, lakini muhtasari wake unazungumzia udongo wenye uhaba wa fosforasi kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Kuna udongo uliofilisika kweli, kuna udongo uliojaa lakini umefunga mlango, na kuna udongo unaofungua na kufunga kulingana na mvua.

Hapa pia ndipo ninapobishana na ulinganisho mmoja wa waandishi. Wanaitaja PSTOL1 pamoja na SUB1A, jeni inayouwezesha mpunga kuvumilia kuzamishwa na mafuriko. Kama hoja ya kutunza mbegu za asili, ulinganisho ni sahihi: zote mbili zilipatikana kwenye mbegu za zamani, zote hazipo kwenye mbegu nyingi za kisasa. Lakini msomaji anaondoka akidhani safari zao zitafanana. SUB1A iliingizwa kwenye mbegu maarufu ya Swarna kwa kupandanisha, na mwaka 2009 Swarna-Sub1 ilikuwa imeidhinishwa India. Kuzama ni adui mmoja: maji yako juu ya majani au hayako. Njaa ya fosforasi ni maadui wengi waliovaa shati moja.

Lalamiko la tatu: mzizi mwingi na mzizi hodari

Miaka minne baada ya makala, mwaka 2016, kundi la watafiti akiwemo Wissuwa huyo huyo lilichapisha kazi iliyouliza swali rahisi: mmea unaopata fosforasi nyingi unaipata kwa sababu mizizi yake ni mingi, au kwa sababu kila sentimita ya mzizi wake inafanya kazi zaidi? Wakakuta njia zote mbili zipo. Mbegu iitwayo DJ123, nayo ya kundi la aus kama Kasalath, ilijitokeza kwa uhodari wa mizizi kuliko ukubwa wake.

Napenda mtafiti anayerudi kuikamilisha kazi yake mwenyewe. Lakini hili linatuambia kitu kuhusu namna tulivyoisoma makala ya 2012. Tulikuwa tumeanza kusema "jeni ya fosforasi", kwa umoja, kana kwamba mmea una kitasa kimoja. Mzizi una gharama. Unajengwa kwa sukari na kwa fosforasi hiyo hiyo inayotafutwa. Mmea unaomwaga mizizi mingi unacheza kamari kwamba kitakachopatikana kitazidi kilichotumika. Mmea wenye vinyweleo virefu au vijizizi vyembamba unacheza kamari ndogo zaidi. Mkulima anahitaji mbegu inayobeba mbinu kadhaa kwa pamoja, na hilo halipatikani kwa kuhamisha jeni moja.

Lalamiko la nne: nani hana jeni hii?

Hili ndilo ninalotamani lingekuwa kwenye slaidi yangu mahali pa ile 60. Timu hiyo hiyo ya IRRI, kwenye kazi iliyotoka 2011, ilikagua mbegu nyingi kutafuta Pup1. Ilionekana kwenye zaidi ya nusu ya mbegu zilizozoea mazingira magumu, na kwenye takriban asilimia 10 tu ya zile za kisasa za kilimo cha umwagiliaji.

Fikiria maana yake. Bibi na babu waliokuwa wakichagua masuke mazuri kwenye udongo mbaya, mwaka baada ya mwaka, walikuwa wakiichagua jeni hii bila kuijua. Aliyeipoteza ni mtafiti wa mbegu aliyefanya uchaguzi wake kwenye kituo chenye mbolea ya kutosha, ambako mzizi wa mapema haukuwa na la kujivunia. Habari ikaandikwa kana kwamba sayansi inampelekea mkulima maskini zawadi. Kwa kiasi kikubwa inarudisha kwenye mbegu za kisasa kitu ambacho mkulima maskini hakuwahi kukitupa.

Na hili linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2014 Juan Pariasca-Tanaka na wenzake walionyesha kwamba mpunga wa Kiafrika, ule uliolimwa kwanza Afrika Magharibi, una toleo lake la PSTOL1, limeandikwa tofauti kidogo na la Kasalath. Walilipata kwenye mbegu iitwayo CG14. CG14 ni mmoja wa wazazi wa mbegu za NERICA, ambazo zinalimwa Uganda na zimefika Tanzania. Kwa hiyo mtu akikuambia jeni hii bado iko njiani kuja Afrika, mwambie ndugu yake alishatangulia, na wengine wa ukoo huo hawakuwahi kuondoka. Kuhusu Supa na Shingo ya Mwali, hilo ni swali linalopimika: unachukua jani, unatoa DNA, unapiga PCR kwa alama zilizokwisha kuchapishwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuifanya kama mradi wa mwaka wa mwisho.

Hesabu ya gunia

Nimebakiza jambo moja, na ndilo linalogusa mfuko. Ujumbe wa WhatsApp ulisema "bila mbolea". Hebu tufanye hesabu.

Tani moja ya mpunga inayoondoka shambani hubeba kilo 2 hadi 3 za fosforasi. Mkulima akivuna tani 3 kwa hekta, kilo 6 hadi 9 zimepanda lori na hazirudi. Gunia la kilo 50 la DAP lina takriban kilo 10 za fosforasi. Yaani mavuno hayo yameondoa karibu gunia zima kwa kila hekta. Ukileta mbegu inayovuna zaidi, inaondoa zaidi. Jeni haitengenezi fosforasi. Inachota kisimani kwa kasi zaidi.

Je, kuchota ni vibaya? Si lazima. Kama kisima kina mamia ya kilo zilizofungwa, ni busara kuzitumia, hasa kwa mtu ambaye bei ya mbolea ya kupandia imemshinda. Lakini hiyo ni akiba, si mshahara. Anayemwambia mkulima kwamba mbegu itachukua nafasi ya mbolea moja kwa moja anamshauri ale akiba ya wanawe bila kumwambia kuwa ni akiba.

Ndiyo maana navutiwa na njia waliyoijaribu watafiti wa JIRCAS na wenzao wa Madagaska, ambako udongo unashika fosforasi kwa ukali. Badala ya kumwaga mbolea shamba zima na kuacha chuma kiimeze, wanachanganya mbolea ya fosfati na tope la jaruba, wanachovya mizizi ya miche kutoka kitaluni, kisha wanapandikiza. Mche unaingia shambani ukiwa na chakula chake kimeganda mizizini. Mbolea kidogo, mahali sahihi, wakati sahihi. Mbolea hiyo ikikutana na mbegu yenye mizizi ya mapema, una kitu cha kumwambia mkulima bila kumeza mate. Na kwa Tanzania, yenye mwamba wake wa fosfati kule Minjingu, mazungumzo ya mbegu na ya mbolea hayana sababu ya kufanyika kwenye vyumba viwili tofauti.

Hukumu yangu

Makala ya Gamuyao na wenzake inastahili nafasi yake. Ilipata jeni ambayo ramani rasmi iliificha, ikathibitisha kazi yake kwa jaribio safi, na ikazitetea mbegu za asili. Upungufu wake ni kwamba ilituachia namba kubwa iliyokuwa rahisi kubebwa, na jina kubwa kuliko kazi ya jeni. Lakini waliobeba namba na kuacha masharti yake ni sisi: waandishi wa habari, wanafunzi wa semina, na wapwa wanaojibu simu haraka.

Ukikutana na namba ya namna hii kesho, ya mpunga, ya mahindi au ya dawa ya mbu, uliza maswali manne. Ni ya chunguni au ya shambani? Imelinganishwa na nani, na hali yake ilikuwaje? Udongo gani, na maji kiasi gani? Na nani tayari anacho hicho kinachoitwa kipya?

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi nikamweleza upya. Nilimwambia jeni ipo kweli, kazi yake ni kuotesha mizizi mapema, na kwamba kwa shamba lake la bondeni linalojaa maji, huenda tatizo la kwanza si fosforasi kabisa. Nikamwomba anichotee udongo kwenye kona nne na katikati, auchanganye, anitumie kilo moja nikaupime. Nikamwomba pia mbegu yake kidogo, ile aliyoachiwa na mama yake.

Akakaa kimya kidogo, kisha akacheka. "Kumbe ndiyo hivyo? Mwaka mzima nasubiri mbegu yenu, na wewe unaitaka ya kwangu."

Udongo umefika wiki hii kwa basi, kwenye mfuko wa sukari. Mbegu imo ndani ya kopo la maziwa, amelifunga kwa kitambaa.